Sabuni Isiyochoma

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba sabuni isiyochoma haijasafisha. Mimi ni kinyozi. Kazi hii sikufundishwa na mtu, niliipata kwa kutazama mikono ya wengine, na kwa vinyozi wote niliowatazama hapa Kamembe, mji wetu wa mpakani, kunyoa ndevu kulikuwa na mwisho mmoja. Unamimina spiriti kiganjani, unampaka mteja mashavu na shingo, naye anakunja uso, anavuta hewa kwa meno, halafu anasema, "Eh! Sasa njo umenyoa." Asipokunja uso, anakutazama kwenye kioo kama mtu aliyepunjwa. Kwa hiyo vilipoanza kunitoka vipele vidogo kwenye paji la uso, sikuhitaji ushauri. Nilitafuta kitu kinachochoma.

Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye leo umegeuza kioo kikatazama ukuta. Mimi si daktari, na mambo ya matabaka ya ngozi sitayagusa. Nitakueleza tu tulivyokaa kwenye mabenchi, uso wangu ulivyogeuka, na nani alinimiminia maji.

Saluni yetu wakati huo ilikuwa ya mbao, chini kidogo ya soko. Siku hizi haipo, pamejengwa maduka ya ghorofa yenye vioo vya buluu, na sisi tumehamia juu yake kwenye chumba chenye vigae. Lakini nikifumba macho bado nanusa ile ya zamani: unga wa watoto tuliowapulizia wateja shingoni, sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakikaushwa nyuma ya ukuta, na mbao zilizolowa mvua. Redio ilishika stesheni za ng'ambo ya Ruzizi, mto wa mpakani, na mwenye saluni, Papa Rehema, aliimba pamoja nayo Kilingala ambacho hakukijua. Viti vilikuwa viwili. Changu kilikuwa cha dirishani, penye mwanga unaopanda kutoka ziwani. Nilikipenda kiti kile kuliko kitanda changu. Nilikuwa sijamaliza shule, baba alikuwa ameshafariki, na kiti kile ndicho kitu cha kwanza maishani ambacho watu walikitaja wakataja na jina langu: "Twende kwa Yasini, dirishani."

Tatizo langu lilikuwa kutojua kazi imekwisha lini. Nilikuwa nikichora mstari wa nywele mbele ya paji, nikiutazama naona upande mmoja umezidi. Nausawazisha, sasa umezidi wa pili. Papa Solange, muuza sambaza aliyekulia Bukavu na aliyekuwa mteja wangu wa kila Ijumaa, alizoea kunishika mkono.

"Eh, papa, simamia hapo," alisema. "Iyo laini yako ukiendelea nayo utapeleka nyele zangu mpaka Bujumbura."

Saluni nzima ilicheka, nami nikacheka. Lakini akishatoka nilimsindikiza kwa macho mpaka kona, nikitafuta upande uliozidi.

Tabia hiyohiyo niliihamishia usoni kwangu. Nilinunua sabuni ya dawa, ile nyekundu ya kuoshea vidonda. Nilinunua skrabu yenye chembechembe kama mchanga. Jioni nilisugua limau. Na kwa kuwa mimi ni Mwislamu, uso wangu ulikuwa unakutana na maji mara tano kwa siku, nikaona ni nafasi ya bure: kila udhu nikautia sabuni. Nilinawa mara tatu kama inavyotakiwa, kisha shaka ikaniingia kwamba ya pili haikufika kwenye nywele, nikaanza upya. Nilikuwa wa mwisho kutoka penye robine, zile bomba za maji za msikiti, na watu wamejipanga nyuma yangu.

"Weye Yasini," Papa Rehema aliniambia siku moja, mikono yake ikidondoka maji, "unaosha uso ao unaosha ukuta?"

"Sina hakika kama maji yalifika, Papa."

"Yalifika. Hata miye huku yamenifika. Sikia, kijana: tatu njo mwisho, na moja inatoshaka. Ya inne hakuna mwenye alikuomba."

Nilisema ndiyo. Alipogeuka nikanawa ya nne.

Ngozi ilianza kwa kukaza. Asubuhi nilihisi nimevalishwa uso wa mtu mdogo kuliko mimi. Nikicheka, pembe za mdomo zilipasuka. Ulitoka unga mweupe kwenye nyusi na kando ya pua, halafu mashavu yakawa meusi kuliko shingo, meusi ya kung'aa, na vipele vilivyokuwa kwenye paji tu vikashuka mpaka kidevuni. Mimi nikasema: uchafu unatoka. Nikaongeza sabuni.

Hapo ndipo alipokuja Tante Mwavita, dada mdogo wa marehemu baba. Anaishi Bukavu na anavuka daraja na bidhaa zake za urembo, anauza nyumba kwa nyumba. Alinipenda sana. Aliponiona alishika kidevu changu akanigeuza huku na huku kama anayechagua embe.

"Yoo, mutoto wa kaka yangu! Sura gani hii? Subiri."

Alifungua kitenge kimoja kati ya vitenge alivyovaa, maana pomadi za namna hiyo mpakani hukataliwa, akatoa tyubu nyembamba. Alinipaka yeye mwenyewe, kwa kidole cha shahada, taratibu, akiomba dua. Sitaki umchukie unaposoma haya. Mkono ule ulikuwa wa upendo, bado naukumbuka ulivyokuwa wa baridi.

Na pomadi ilifanya kazi! Kabla Ijumaa haijarudi vipele vilikuwa vimelala. Ngozi ikawa laini, ikang'aa, ikawa nyeupe kidogo. Papa Solange aliniuliza kama nimeoa. Niliendelea kuipaka asubuhi na jioni tangu mvua za Machi mpaka kiangazi kilipoingia, na sabuni nyekundu sikuiacha. Tyubu ikiisha, Tante alileta nyingine.

Kisha siku moja alichelewa kuvuka. Nilikaa bila pomadi siku chache tu, na uso ukawaka. Si kuwasha kwa vipele, ni moto, kama mtu aliyeinama juu ya mbabula ya makaa akashikwa shingo asiinuke. Uso ulivimba mpaka macho yakawa madogo. Tante alipofika nilimnyang'anya tyubu mlangoni. Ulitulia. Lakini tangu hapo ulitaka zaidi, na kila mara ulitulia kidogo kuliko mara iliyotangulia. Nikitazama kwa karibu niliona ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na vijishipa vimechora mashavu.

Ijumaa iliyofuata Papa Solange alikaa kwenye kiti changu. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikainama kuangalia ndevu zake, na kwenye kioo nyuso zetu zikawa pamoja, yangu ikitoa maji ya manjano kidevuni. Hakusema neno baya. Alisimama, kitambaa kikiwa bado shingoni, akaenda kukaa kwenye kiti cha Papa Rehema kusubiri zamu. Papa Rehema alizima redio. Nilibaki nimeshika mashine inayonguruma mbele ya kiti kitupu.

Jioni tulipokuwa tunafagia nywele, Papa Rehema aliongea akitazama sakafu.

"Kiti ni chako. Minasema mbele ya Mungu. Lakini hii sura inafukuza bantu, Yasini. Banafikiri ni ugonjwa wa mashine zetu. Kwanza nenda, upone. Nitaweka muntu hapo dirishani kwa muda."

"Na nisipopona?"

Alifagia muda mrefu pale ambapo hapakuwa na nywele. "Ukiwa hujapona mpaka Ramadhani, tutaongea."

Hivyo ndivyo nilivyopewa muhula. Nilitembea kwenda nyumbani nikihesabu kilichobaki: kiangazi, mvua za Septemba, halafu kiangazi kifupi, halafu mwezi wenyewe.

Mama ndiye aliyesema twende hospitali ya kule kilimani, njia ya Mibirizi, kwa sababu jirani yetu alimwambia kuna daktari anayejua ngozi. Nilivaa barakoa. Dereva wa pikipiki akanipa kofia ya abiria, na kwa wewe mwenye uso wenye vidonda sina haja ya kueleza kofia ile: sifongo yake ilivyonata mashavuni, ukanda wa kidevu ulivyosaga. Mama alikuwa kwenye pikipiki ya mbele. Kila kilima alikuwa anageuka kuona kama nipo.

Mabenchi ya hospitali ile yalikuwa barazani, yanatazama mashamba ya ndizi. Tulikaa kati ya watu waliotembea kwa miguu kutoka vilima vya mbali, wengine na watoto mgongoni. Mwanamke mmoja wa Gitambi alimtazama mama, akanitazama mimi juu ya barakoa, akasema neno moja, "Ihangane," yaani vumilia, kisha akatoa kwenye kikapu chake ndizi mbivu tatu, akatupatia mbili, ya tatu akaimenya mwenyewe. Hakuuliza kitu. Nilishusha barakoa ili nile, na hakugeuza macho. Nimekutana na watu wengi wema tangu wakati huo, lakini yule ndiye mtu wa kwanza kula nami nikiwa na uso ule.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo. Aliniangalia kwa taa, akauliza, "Unapaka nini?"

"Vitu vingi."

"Nenda uvilete vyote. Usiache hata kimoja kwa aibu."

Tulirudi wiki iliyofuata na mfuko. Alivipanga juu ya meza yake: sabuni nyekundu, skrabu, chupa ya spiriti, nusu limau lililokauka, tyubu ya Tante. Alivishika kimoja kimoja.

"Hiki kinachoma?"

"Ndiyo, dokta."

"Na hiki?"

"Ndiyo."

"Na hiki?"

"Hicho kinapoza. Nikikiacha ndipo uso unachoma."

Mama akaanza kucheka, akajizuia kwa upindo wa kitenge. Daktari naye alitabasamu. "Kijana wangu, uso wako ulikuwa unapiga kelele, na wewe ukasikia unashangilia."

Alinionyesha maandishi madogo nyuma ya tyubu. Kulikuwa na jina, klobetasoli. Alisema ni dawa halali, ina magonjwa yake na muda wake mfupi, na ikipakwa usoni mwa mtu miezi na miezi bila mwangalizi hugeuka kuwa ugonjwa. Aliniandikia vidonge vya wiki kadhaa, mafuta mepesi ya kupaka yasiyo na harufu, na sabuni ya maji ya uso. Kisha akaniambia jambo ambalo nakuambia na wewe ili lisije likakushtua: "Ukiacha hii, itazidi kwanza. Itazidi sana. Usiirudie. Ikizidi, rudi kwangu."

(Kama umeitumia pomadi ya namna hiyo muda mrefu, usikae peke yako na uamuzi wa kuiacha au kuendelea. Nenda kwa mtu kama yule mama.)

Ilizidi. Kiangazi kile, vumbi likiwa juu ya kila kitu, nililala chali na kanga yenye maji usoni, nikasikia sauti za barabarani zikipita bila mimi. Foronya ilinata. Sikuweza kutafuna. Mama alinipikia uji wa muhogo na kunilisha, mimi mwanawe mwenye ndevu. Kinachonishangaza sasa ni kwamba siku zile nazikumbuka kwa hamu: mama akikaa mlangoni akichambua maharage, akinisimulia Uvira walikokulia, baba alivyomvizia kisimani, mambo ambayo hakuwahi kuniambia nilipokuwa mzima na mwenye haraka.

Tante Mwavita alikuja na tyubu mpya. Nilisikia yote kutoka ndani.

"Maman Yasini, mutoto anakufa na dawa iko hapa! Unamuacha anaoza sababu ya dokta?"

"Dokta alisema hapana."

"Dokta! Na miye ni nani? Miye nilimupea sumu? Sema basi, bantu basikie!"

"Sikusema sumu."

"Unasema kwa macho!"

Kikafuata kishindo cha mlango wa bati. Tante aliondoka analia, na hakuvuka tena daraja kuja kwetu mpaka mvua. Lakini tyubu aliiacha juu ya ukuta wa ua, pale tunapoweka sabuni za vyombo. Niliiona kupitia dirisha siku tatu. Najua ni siku tatu kwa sababu siku hizo sikutazama kitu kingine. Siku ya tatu nilitoka, nikaishika, nikafungua kifuniko. Mama alikuwa anafua. Hakuinuka. Alisema tu, huku akikamua shuka:

"Kiti cha dirishani kiko na mwanga muzuri, si ndiyo?"

Nilifunga kifuniko. Nilimpa ile tyubu, akaitia mfukoni mwa aproni, sikuiona tena.

Sasa niseme habari ya ile sabuni ya uso, kwa kuwa najua wengine wenu mmefungua ukurasa huu kwa ajili yake.

Ilikuwa chupa ya kawaida kutoka duka la dawa. Nilipoimimina kiganjani nilifikiri imeharibika: nzito kama maziwa ya mgando, haina harufu, haitoi povu. Niliipaka, nikaisuuza kwa maji ya uvuguvugu. Hakikuchoma kitu. Hakikukaza kitu. Nilisimama pale nikiwa na uhakika kwamba sijanawa. Nikanyoosha mkono kuirudia, na mama akaondoa beseni.

"Moja," alisema. "Basi."

Ukawa ndio mwendo wetu. Kila jioni alichukua maji ya chupa ya chai, akachanganya na ya baridi kwenye jagi la plastiki la kijani, akajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga, akanimiminia. Mimi napaka, yeye anamimina, halafu maji yanayobaki anayamwaga kwenye mche wa nyanya ulioota wenyewe kando ya ukuta, ili nisiwe na cha kurudia. Asubuhi ni maji matupu. Udhu ni maji matupu.

Wasiwasi wangu, uliponyimwa maji, ukahamia kwenye maandishi. Nilitaka kujua kila neno lililo nyuma ya chupa ile. Kifaransa changu ni cha barabarani, Kiingereza ndio nisikuambie, nikajifundisha kwa simu, neno baada ya neno. Nilijifunza kwamba katika orodha ile, kinachotajwa mwanzoni ndicho kingi, na cha mwisho ni chembe. Yangu ilianza na maji, ikafuata gliserini, ambayo hushika unyevu ngozini. Nilijifunza kulitafuta neno "parfum", ambalo ni manukato, na kulikimbia, maana ngozi iliyojeruhiwa hainusi, inaumia tu. Nilijifunza jina la kile kinacholeta povu jingi, linaloishia na "sulfate", nikalikuta nyuma ya karibu sabuni zote nilizowahi kuziamini. Nilijifunza kwamba spiriti inaweza kujificha kwenye maji ya uso yenye picha ya ua. Na kwamba neno "asilia" mbele ya chupa halimaanishi upole: limau langu lilikuwa asilia kabisa.

Niliingia madukani nikawa nasimama mbele ya rafu nikisoma migongo ya chupa moja moja. Muuzaji mmoja alinivumilia mpaka akashindwa. "Papa, unanunua ao unafanya mutihani?"

Nikakasirika, nikatoka. Nilipofika nyumbani nilielewa kwamba nilikuwa nimepata njia mpya ya kunawa mara ya nne. Hakuna chupa iliyokuwa safi vya kutosha. Hata ile iliyokuwa inaniponya nilikuwa nimeanza kuishuku, kwa neno moja la mwisho kwenye orodha ambalo lilikuwa tu la kuizuia isioze. Tangu hapo nilijiwekea mpaka: nasoma mara moja, nikikosa manukato, spiriti na povu la kukwangua, naijaribu nyuma ya taya siku kadhaa, na ngozi ndiyo inajibu. Si kwamba ya kwangu ni bora kuliko zote. Inanifaa kwa kuwa ngozi yangu ni kavu na ilikuwa imechubuka. Papa Rehema alipoijaribu, alilalamika imemwacha anang'aa kama sambusa. Yeye anahitaji yenye povu kidogo. Basi hata wewe usinunue jina, chukua maswali tu.

Mvua za Septemba zilipoanza, niliamka asubuhi moja na foronya kavu. Sikumwambia mtu. Kesho yake kavu tena. Vidonge vikaisha, daktari akaangalia kwa taa yake, akasema tusubiri, na tulipokuwa barazani mama alinunua ndizi kwa mpita njia akawagawia waliokuwa kwenye benchi, wote, kwa zamu.

Tante Mwavita alirudi na mvua kubwa, kitenge kimemganda. Hakubisha. Aliingia, akatua beseni la bidhaa katikati ya chumba, akakaa. Alinitazama mashavu muda mrefu. Halafu akasukuma beseni kwangu kwa mguu.

"Nisomee," alisema. "Miye huyu Mfaransa simujue. Bananipaka maneno kule dukani, na miye napaka bantu."

Nilikaa chini kando yake. Nilikuwa natoa kimoja kimoja, namsomea, naye anapanga mafungu mawili, la kuuza na la kuacha. Fungu moja likawa kubwa kuliko lingine, na halikuwa lile alilotaka. Mama alileta chai. Tante akashika kikombe, akasema bila kumtazama mtu, "Nilipendaka tu mutoto awe muzuri." Mama akajibu, "Tunajua, Mwavita. Kunywa, itapoa." Habari ya tyubu haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Nilirudi saluni kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Uso wangu ulikuwa na madoa, bado unayo mawili, lakini ulikuwa mzima. Kijana aliyeshika kiti changu alikuwa ameshapata kazi Gashonga, kwa hiyo hakuna aliyeondolewa. Nilikaa dirishani siku nzima bila mteja. Wote walikwenda kwa Papa Rehema, na mimi nikafuta kioo kilichokuwa safi.

Ijumaa aliingia Papa Solange. Alisimama katikati ya saluni, akinukia sambaza, akatazama kiti hiki na kile. Kisha akaja akakaa kwangu. Alijifungua kola, nikaona shingo yake: vipele vya ndevu, vilivyovimba, vingine vimetumbuka.

"Nyoa," alisema polepole. "Lakini usinitie moto. Nimesikia weye unajuaka ya pole."

Mashine na wembe nilivisafisha kwa spiriti, maana hapo ndipo mahali pake. Nikanyoa kufuata nywele zinavyolala. Nilipomaliza, nilichukua maji ya uvuguvugu kutoka chupa ya chai niliyobeba toka nyumbani, nikamnawisha kwa ile sabuni nzito isiyo na povu, nikamsuuza, nikamkausha kwa kugusagusa. Alikuwa amefumba macho, ameshika mikono ya kiti, anasubiri kuchomwa. Papa Rehema alikuwa ameacha mteja wake nusu kichwa, anatazama.

Papa Solange akafungua jicho moja. "Bado?"

"Imeisha, Papa."

"Imeisha?" Alijishika shingo. Akajishika tena. "Lakini haikuchoma."

"Haichomi."

Alijitazama kwenye kioo upande mmoja na wa pili, na mimi nikajua vizuri sana anachokitafuta. Halafu akasimama, akatikisa kitambaa, akamwambia Papa Rehema, "Huyu usimutoe tena dirishani."

Papa Rehema aliwasha redio.

Imepita miaka sasa. Papa Rehema amerudi kwao Gashonga kwenye ndizi zake, akaniachia mashine na utani wake. Saluni ya vigae ina maji ya moto ukutani, lakini nikinawisha mtu bado nayajaribu kwa kiwiko, na kuna siku natamani lile jagi la kijani, ule mche wa nyanya, na mama aliyekuwa na nguvu za kuinama. Pomadi sijaigusa. Uso hauwaki. Nikichora mstari wa nywele, nautazama mara moja na kufungua kitambaa. Adhana ikilia nashuka kwenye robine, nanawa uso kwa maji matupu, mara moja, na kumpisha aliye nyuma yangu.